Maswali Kumi kwa Aliyenusurika

Mtu aliyefiwa na mtoto, aliyenusurika ajali au aliyetibiwa saratani huulizwa sana kuhusu uchungu: analala vipi, anashtuka mara ngapi, anaota nini. Mwaka 1996 wanasaikolojia wawili wa Chuo Kikuu cha North Carolina mjini Charlotte, Marekani, Richard Tedeschi na Lawrence Calhoun, walichapisha dodoso linalouliza upande wa pili: je, yaliyokupata yamekuachia jema lolote?

Dodoso hilo lina kauli 21. Kila moja hutaja badiliko, kwa mfano mtu kujigundua ana nguvu kuliko alivyodhani, naye hujipa alama kuanzia 0, yaani hakuna badiliko, hadi 5, badiliko kubwa sana. Kauli zimegawanyika katika mafungu matano: uhusiano na watu, njia mpya maishani, nguvu ya nafsi, imani, na kuthamini uhai.

Kwa mgonjwa aliyechoka, ambaye pengine amekwisha kujaza fomu nyingine tatu, kauli 21 ni mzigo. Mwaka 2010 likatoka dodoso fupi la kauli 10, mbili kutoka kila fungu. Alama ya juu ikashuka kutoka 105 hadi 50.

Lakini alama hizo zinapima nini hasa?

Anayejaza hutakiwa akumbuke alivyokuwa zamani, ajilinganishe na alivyo leo, kisha akadirie ni kiasi gani cha tofauti hiyo kimeletwa na mkasa wenyewe. Mwaka 2009 Patricia Frazier wa Chuo Kikuu cha Minnesota na wenzake walichapisha utafiti uliolipima dodoso lenyewe. Walianza na wanafunzi wa chuo zaidi ya 1,500, wakawarudia baada ya takriban miezi miwili. 122 walikuwa wamepatwa na mkasa katikati. Kwa jumla, ukuaji (yaani mabadiliko mema) waliojiandikia haukuoana na badiliko lililoonekana kati ya vipimo viwili.

Tena dodoso huuliza mema tu. Aliyepoteza imani yake na yule ambaye imani yake haikutikisika, wote huandika 0. Tedeschi na Calhoun wenyewe walishiriki kuandaa toleo la kauli 42, lililotoka mwaka 2008, ambamo kila kauli ya kukua ina mwenzake wa kudidimia.

Isitoshe, ukuaji na maumivu huweza kukaa ndani ya mtu mmoja. Aliyepata 45 kati ya 50 anaweza bado kukesha usiku kucha, na mshauri nasaha anayesoma alama hizo hana budi kumuuliza pia kuhusu usingizi wake.