Kabla ya Kubonyeza "Ruhusu": Linda Picha Zilizo Kwenye Simu Yako

Unapopakua programu mpya kwenye simu, mara nyingi huuliza iwapo unairuhusu kufikia picha zako. Wengi wetu hubonyeza "Ruhusu" haraka ili tuendelee na shughuli. Ruhusa hiyo isipowekewa mipaka, programu huweza kuona picha zote zilizo kwenye simu, si ile moja tu unayotaka kutuma: watoto wako, kitambulisho, hatimiliki ya shamba, hata karatasi za hospitali. Baadhi ya picha pia hubeba maelezo ya mahali zilipopigwa.

Wakenya wanaijua hatari ya ruhusa za aina hii kupitia programu za mikopo. Baadhi ya wakopeshaji walichukua nambari zilizohifadhiwa kwenye simu za wateja, kisha wakawapigia jamaa na waajiri wa waliochelewa kulipa. Tangu Mei 31, 2023, Google imepiga marufuku programu za mikopo ya kibinafsi kwenye Play Store kufikia picha au nambari hizo. Mkopeshaji anaweza kukuomba upige picha ya kitambulisho. Lakini programu ya mkopo ikitaka kufunguliwa picha zako zote, kaa chonjo, hasa ikiwa uliipata kupitia kiungo ulichotumiwa.

Chukua hatua hizi leo:

1. Fungua mipangilio ya simu, nenda kwenye sehemu ya programu, chagua programu moja, kisha uangalie ruhusa zake.
2. Jiulize: je, kazi ya programu hii inahitaji picha? Tochi au kikokotoo hakihitaji. Ondoa ruhusa hiyo.
3. Pale picha zinapohitajika, chagua chache tu. Simu za Android kuanzia toleo la 14, na iPhone kuanzia iOS 14, zinakuwezesha kufanya hivyo.
4. Futa programu usizozitumia.

Hata hivyo, kufuta programu hakufuti nakala za picha ambazo tayari imezichukua. Hapo ndipo sheria inapokusaidia. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha ya kila mtu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 nayo inakupa haki ya kujua data yako inatumiwaje, kupinga matumizi hayo, na kutaka data ya uongo au ya kupotosha ifutwe. Kwa picha za mtoto, ni lazima mzazi au mlezi atoe idhini.

Anza kwa kuiandikia kampuni husika. Ikikupuuza, wasilisha malalamiko bila malipo kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data kupitia tovuti ya odpc.go.ke. Sheria inataka malalamiko yachunguzwe na kukamilishwa katika muda wa siku 90. Hifadhi ujumbe wote uliotumiwa, kwani huo ndio ushahidi wako.