Shauri la Kima Punju na Minazi ya Unguja

Wakulima wa vijiji vinavyouzunguka msitu wa Jozani, kusini mwa Unguja, wana daawa ya siku nyingi juu ya jirani yao kima punju, mnyama mwekundu mgongoni, mweusi usoni, mwenye kishungi cheupe kipajini, ambaye kwa asili hapatikani popote duniani ila katika kisiwa hicho na kile cha Uzi kilicho ubavuni mwake. Husemwa kwamba mti anaouzoea hufa, na kwamba mbwa amlaye hunyonyoka manyoya; lakini shitaka lililo zito kuliko yote ni la nazi, kwani mnazi ni mali, na mtu aliyeshuhudia vidaka vya mnazi wake vikichumwa na kutafunwa mchana kweupe hawezi kuambiwa kwamba macho yake yalimhadaa.

Fadhila kubwa ya wataalamu wawili, Kirstin Siex na Thomas Struhsaker, ni kwamba hawakuipuuza daawa hiyo wala hawakuikubali kwa kusikia tu, bali waliifanyia uchunguzi kama kadhi mwadilifu afanyavyo, kwa ushahidi na hesabu. Kazi ya namna hii yataka subira, maana kundi la kima lazima kwanza lizoezwe: mchunguzi huja siku baada ya siku, kwa mwendo ule ule wa taratibu, bila ya kutupa jiwe wala kupiga kelele, hata wanyama wakaacha kumkimbia na kurudia shughuli zao, ndipo hukaa chini ya mti na daftari lake, akaandika nani anakula nini, jani changa au kikonyo, na kwa muda gani. Kwa njia hiyo walihesabu vidaka vilivyoliwa, kisha wakahesabu nazi zilizoanguliwa na wenye mashamba, na tokeo lililochapishwa mwaka 1999 lilikuwa kinyume kabisa na dhana ya wengi: pale ambapo kima walikula vidaka kwa wingi mavuno hayakupungua, bali yalielekea kuwa mengi zaidi. Mnazi, kama ajuavyo kila mkulima wa pwani, huangusha wenyewe sehemu kubwa ya vidaka vyake, na huenda vile vinavyoondolewa na kima huviachia vilivyobaki chakula cha kutosha kukua.

Kima punju, tena, si mlaji wa kila kitu. Tumbo lake lina vyumba kadhaa, na ndani yake vijidudu visivyoonekana kwa macho huyachachusha majani na kuyalainisha. Matunda mabivu yenye sukari nyingi humdhuru, kwa hiyo huyapita akatafuta machanga. Lakini majani ya miembe na mikungu ya mashambani, ijapokuwa yana lishe nzuri, yamejaa kemikali zinazozuia usagaji wa chakula, na hapo ndipo ilipodhihirika ajabu ambayo mimi huiona kuwa nzuri kuliko zote katika habari za mnyama huyu: hushuka penye masalio ya tanuri au jiko, akaokota kipande cha makaa, akaketi nacho na kukitafuna kwa utulivu. Makaa huzinasa zile kemikali na kuzipitisha nje ya mwili bila ya madhara. Ada hii, inayodhaniwa kwamba mtoto huipata kwa kumtazama mama yake, imemwezesha kuishi baina ya binadamu kwa wingi hata kuliko msituni.

Hata hivyo, kusafika kwake katika shauri la nazi hakumwondolei lawama zote, kwani majani machanga ya mazao mengine huliwa kweli, na mwenye bustani ndogo huumia. Kwa upande wa pili naye kima ana madai yake: barabara ya lami ipitayo katikati ya msitu iliwaua wengi, mpaka matuta yalipojengwa na vifo vikapungua sana. Napenda kulitaja jambo hili la matuta kwa kuwa ni dawa rahisi iliyotokana na kujua mahali hasa ambapo makundi huvukia.

Jozani na ghuba ya Chwaka zilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2004, na sensa iliyotangazwa mwaka 2017 ilikuta kima punju zaidi ya 5,800, idadi inayopita mara tatu makisio ya zamani. Furaha hiyo isitughafilishe, kwa sababu misitu ya maweni ingali ikikatwa kwa kuni, makaa na chokaa, na kadiri inavyopungua ndivyo makundi yatakavyozidi kuhamia mashambani. Watalii huja kumtazama mnyama huyu na hulipa kiingilio. Basi mgao wa vijiji katika fedha hizo, kwa rai yangu, uanze kwa yule ambaye bustani yake huliwa, naye alipwe mapema, kabla ya msimu wa kupanda tena.