Bulanda Kati ya Kaka na Mwana

Wasomaji wengi wapenda riwaya za Ulaya ya kale, ambamo mashujaa waliovaa chuma wapigana na ndugu zao kwa ajili ya ufalme, na bibi mmoja alia dirishani. Sisi wa Kalemie hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Tupande gari la moshi mpaka Kabalo, penye mto Lualaba, nasi tumekwisha kufika katika nchi ya hadithi iliyo kali kuzipita hizo.

Wazee wa Kiluba wasimulia kwamba Nkongolo Mwamba, ambaye jina lake ni upinde wa mvua, alitawala kwa ukatili. Alikula na kulewa mbele ya watu wote, akicheka kinywa wazi. Ndipo akaja mwindaji, Mbidi Kiluwe, kutoka upande wetu huu wa mashariki ya Lualaba. Huyu alikuwa mtu wa adabu. Hakula ila faraghani. Nkongolo akamwoza dada zake wawili, Bulanda na Mabela.

Hapo mtunzi wa riwaya angetuandikia kurasa mia juu ya macho ya Bulanda. Wazee hawana kurasa hizo. Wasema tu kwamba mashemeji waligombana, Mbidi akarudi kwao, na Bulanda akabaki na mimba. Kwetu sisi kunyamaza huko kwauma kuliko machozi ya dirishani.

Mtoto aliitwa Kalala Ilunga. Akawa hodari wa mbio, wa ngoma na wa vita, akamshindia mjomba wake maadui wengi. Kwanza Nkongolo alifurahi, kisha akaona wivu. Yasemwa kwamba mama yake mwenyewe alipomcheka, alimzika hai. Kisha akachimba shimo, akasimika mikuki ndani yake, akalifunika kwa mkeka, akamwita mpwa wake aje kucheza ngoma juu yake. Mpiga ngoma akamwonya kijana kwa mapigo ya ngoma yenyewe. Kalala akatupa mkuki wake, ukatoboa mkeka. Naye akakimbia, akavuka Lualaba kwa baba yake, akirudi baadaye na jeshi. Nkongolo alikamatwa akakatwa kichwa, na mpwa akatawala.

Masimulizi hayahesabu miaka. Lakini mwaka 1957 na 1958 wataalamu walichimba makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, wakakuta vyungu vizuri na mapambo ya shaba na pembe, mengi ya karne zile zile za majumba ya mawe ya Ulaya. Basi utukufu wa nchi hii ni wa kale sana.

Tumfikirie Bulanda siku jeshi lilipovuka mto. Aliyetafutwa auawe ni kaka yake, aliyemwoza. Aliyemtafuta ni mwanawe, na nguvu za jeshi zilitoka kwa mume aliyemwacha. Mkuki wowote uliorushwa siku ile, kutoka upande wowote, ulielekea nyumbani kwake. Hatusikii aliomba ushindi wa nani.

Viti vingi vya wafalme wa Kiluba, ambavyo baadhi yake vimo leo katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, vimechongwa hivi: mwanamke amepiga magoti, akikiinua kiti cha mfalme kwa kichwa na ncha za vidole, macho yake yamefumba nusu.