Rafu Ilikuwa Nzima

Aliyejua kwanza ni jirani wa chini. Alipanda ngazi saa kumi alfajiri, khanga begani, akagonga, na nilipofungua hakuwa na muda wa salamu: "Baba, kwako kuna nini? Maji yanaingia kwenye taa." Nikakimbilia sebuleni. Tangi la samaki lilikuwa limebakiwa na maji ya vidole vinne. Ufa ulianzia kona moja ya kioo cha chini ukaishia karibu na katikati, na samaki walikuwa wamelala ubavu juu ya mchanga, wanahema. Rafu ya chuma iliyolibeba ilisimama vilevile kama siku niliyoinunua. Hakuna bolti iliyolegea wala mguu uliopinda.

Wiki nzima nilikilaumu kioo, maana rafu ilikuwa na ushahidi wake: stika iliyobandikwa ubavuni, kilo 300 kwa kila ngazi. Na hesabu nilikuwa nimepiga kabla ya kununua. Tangi lenyewe lina urefu wa sentimita 90, upana 40 na kimo 45, kioo cha milimita 8. Ukilijaza maji hadi sentimita 40 unapata lita 136 hivi, ambazo ni kilo 136. Kioo kina uzito wa kilo 2,500 kwa mita moja ya ujazo, kwa hiyo vioo vyote vitano vinakaribia kilo 31. Kisha mchanga, kisha mawe. Samaki wangu ni wa ukoo wa Ziwa Tanganyika, wale wanaoishi kwenye miamba ya ufukweni kama ile ya Kigoma, na bila mapango ya mawe hawatulii, wanafukuzana mchana kutwa. Habari njema ni kwamba jiwe likizama linayasukuma maji kando, kwa hiyo jiwe la kilo 10 linaongeza kilo 6 tu na kidogo kwenye jumla. Yote kwa pamoja, kilo 190. Mia tisini chini ya mia tatu! Nikalala usingizi wa mwenye haki.

Kosa langu halikuwa kwenye kujumlisha. Sikujiuliza ile 300 inajibu swali gani.

Inajibu swali la mwenye ghala. Yeye anataka kujua kama rafu itaanguka na maboksi yake. Mtengenezaji anapoandika namba ile anakusudia mzigo uliotandazwa sawasawa ngazi nzima, uliotulia, juu ya rafu iliyosimama wima kwenye sakafu iliyonyooka. Kwa masharti hayo rafu haitaanguka. Lakini itapinda, na kupinda kwake hakumsumbui mtu. Viwango vya Marekani vya rafu kubwa za ghala vinaruhusu boriti ibonyee kwa sehemu 1 ya 180 ya urefu wake. Boriti ya sentimita 180 inaweza kushuka sentimita nzima katikati na mkaguzi akatia saini. Boksi la sabuni likikaa juu ya boriti ya namna hiyo, linabonyea nayo.

Tangi halibonyei. Kioo cha mbele kimesimama kwa ubavu wake, sentimita 45 kwenda juu, na kitu chembamba kilichosimamishwa hivyo ni kigumu ajabu kukipinda kuelekea chini. Sasa liweke tangi la sentimita 90 katikati ya boriti ya 180 iliyoshuka sentimita moja. Boriti imekuwa kama upinde uliolazwa, na kati ya ncha za tangi na katikati yake pana tofauti ya milimita 3 hivi. Kadi ya benki ina unene wa milimita 0.76. Maana yake, chini ya tumbo la tangi pangeweza kupita kadi nne zilizopangana. Maji ndani yanakikandamiza kioo cha chini kwa usawa kabisa, kila sehemu sawa na nyingine, ila kioo hicho hakina pa kuushusha ule mzigo katikati. Kinaubeba chenyewe na kuupeleka kwenye ncha mbili. Kilo 190 zilizotakiwa kukaa juu ya eneo la meza ndogo zinakalia vipande viwili vyenye upana wa vidole.

Na kioo hakisamehi. Chuma kikizidiwa mahali pamoja kinalegea kidogo pale na kuusambaza mzigo kwa jirani, ndiyo maana fundi anaweza kukigonga kikanyooka. Mwaka 1921 mhandisi Mwingereza A. A. Griffith alichapisha kazi iliyoeleza kwa nini kioo hakiwezi hivyo. Kila kioo, hata kinachong'aa, kina mikwaruzo midogo isiyoonekana kwa macho. Kikibanwa, mikwaruzo hiyo inafumbwa na haina madhara. Kikivutwa, nguvu yote ya eneo lile inakusanyika kwenye ncha ya mkwaruzo mmoja, na ukubwa wake ukishavuka mpaka fulani ufa unajikimbiza wenyewe. Kioo cha chini kinachoning'inia kwa milimita 3 upande wake wa nje unavutwa. Kinaweza kukaa hivyo mwezi, kinaweza kukaa miezi 7 kama changu, mpaka siku maji ya baridi au mtikisiko wa mlango unapomalizia kazi.

Kwa hiyo ziko sifa mbili ambazo sisi kwa lugha ya kila siku tunaziita jina moja, "imara". Ya kwanza ni kutovunjika. Ya pili ni kutopinda, yaani ukakamavu. Stika inakuuzia ya kwanza, na tangi linaishi kwa ya pili.

Ukakamavu una tabia zake, na hizi wahandisi wanazijua tangu karne ya 18, enzi za Leonhard Euler na Daniel Bernoulli. Urefu ndio adui mkubwa. Uzito uleule ukiutandaza juu ya boriti yenye urefu maradufu, kupinda hakuongezeki mara mbili, kunaongezeka mara 8. Kimo cha boriti nacho kinafanya kazi kwa kanuni hiyohiyo ya kipeo cha tatu (2 × 2 × 2 ni 8), ila kwa faida yako: ubao wa sentimita 5 kwa 10 ukiusimamisha kwa ubavu unakuwa mkakamavu mara 4 kuliko ukiulaza. Mbao ni ileile, hela ileile.

Nilipokwenda kwenye karakana za Gerezani, Dar es Salaam, kuagiza fremu mpya nilitaka kumweleza fundi haya yote. Hakunipa nafasi. Alichukua chaki, akachora mstatili kwenye sakafu nyeusi ya karakana, akauliza tangi lina upana gani, kisha akaokota kipande cha skwea paipu ya mstatili na kukisimamisha kwa upande mrefu. "Ukilaza hivi, kaka, linacheza kama kitanda cha kamba." Akasukuma kwa kiganja kunionyesha. Hesabu ya Euler alikuwa nayo kiganjani.

Swali lake la upana ndilo lililonifumbua macho kuhusu jambo la pili. Rafu yangu ya zamani ilikuwa na kina cha sentimita 60, boriti moja mbele, moja nyuma, na katikati ubao wa chipubodi umelazwa tu. Tangi langu lina upana wa 40. Kumbe halikuwa limezikalia boriti hata kidogo! Lilikuwa limekaa juu ya chipubodi, na zile boriti nilizozisifu zilikuwa zinabeba kingo za ubao. Chipubodi ni chembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi. Hata likiwa kavu linaendelea kubonyea polepole mwaka hadi mwaka chini ya mzigo usioondoka, na mwenye kabati la vitabu anaijua ile tabasamu ya rafu ya katikati. Likilowa linafura kama mkate uliodondokea kwenye chai. Na hakuna tangi lisilomwaga maji, maana kila wiki unatoa ndoo na kurudisha ndoo.

Ukiwa na rafu ya dukani basi, usikimbilie kuitupa. Chagua yenye urefu unaokaribia wa tangi, ili ncha za tangi ziwe karibu na nguzo. Weka vyuma vya kukatiza kutoka boriti ya mbele hadi ya nyuma, vitatu au vinne, na juu yake plaiwudi nene iliyopakwa rangi pande zote pamoja na kingo. Kingo ndizo watu wanazisahau. Tangi zito liwe ngazi ya chini kabisa, si ya kiunoni kwa sababu ndiyo inayopendeza macho.

Kuhusu kile kimkeka cha sponji wanachokuuzia pamoja na tangi, kuna maneno mengi. Kwa tangi ambalo kioo chake cha chini kinalala moja kwa moja juu ya meza, kinasaidia: punje moja ya mchanga chini ya kioo ni ncha, na sponji inaimeza. Lakini inameza punje, haimezi boriti iliyopinda. Na tangi lenye fremu ya plastiki kuzunguka chini, ambalo kioo chake kimeinuliwa kisiguse kitu, halitaki sponji, kwani sponji itakisukuma kioo kwenda juu mahali ambapo hakikutengenezwa kusukumwa.

Kisha kuna kuyumba. Mstatili wa vyuma vinne ni mlango unaosubiri kufunguka. Ukiusukuma kona ya juu unalala ubavu. Ukiukatiza kwa chuma cha ulalo unapata pembetatu, na pembetatu haiwezi kubadilika umbo mpaka kimojawapo cha vyuma vyake kirefuke au kivunjike. Rafu nyingi za kuchomeka bila bolti hazina ulalo, zinategemea vijino vya nguzo. Maboksi hayazisumbui kwa sababu hayatembei. Maji yanatembea. Katika tangi la urefu wa sentimita 90, wimbi linakwenda upande wa pili na kurudi kwa sekunde 1 na kidogo, na rafu ndefu iliyolegea ikiyumba kwa mwendo unaokaribia huo, kila wimbi linaisukuma inakoelekea, kama unavyomsukuma mtoto kwenye bembea. Jioni ya tarehe 12 Agosti 2020, tetemeko la ukubwa wa karibu 6 chini ya Bahari ya Hindi lilipotikisa Dar es Salaam, watu wa maghorofani tulishuka ngazi mbio. Siku hizo sikuwa na samaki. Leo fremu yangu ina ulalo mgongoni na vibao viwili vya chuma vilivyopigwa bolti ukutani.

Sakafu sina la kusema sana. Zege la ghorofa si dhaifu, na tangi moja la ukubwa huu likiwa karibu na ukuta halimnyimi mhandisi usingizi. Shida ni miguu: ncha ndogo nne za bomba, kila moja na kilo 50 au zaidi, juu ya vigae ambavyo vingine vina uwazi chini. Vigonge kwa ufunguo kabla hujaweka; vinavyotoa mlio wa utupu vikwepe, au weka kibamba cha chuma chini ya mguu.

Fremu ilikuja kwa bajaji, imepakwa rangi mbili. Niliiweka pimamaji kwa urefu na kwa upana, nikachomeka vipande vya flatibaa chini ya mguu mmoja mpaka kiputo kikatulia katikati. Nikajaza tangi nusu, nikaliacha usiku kucha. Asubuhi nikavuta uzi chini ya boriti kutoka nguzo hadi nguzo, nikaona nafasi ya unywele tu. Nikajaza lililobaki, nikatoa kadi ya benki mfukoni na kujaribu kuipenyeza kati ya plaiwudi na boriti, mbele, nyuma, katikati. Haikuingia.

Jirani wa chini alikuja kuangalia mwenyewe. Alizunguka fremu, akaishika, akaitikisa kwa mikono miwili kwa nguvu ambayo sikuitarajia kwa mama wa umri wake. Samaki wakajificha kwenye mawe. "Sasa hili liko juu ya chumba gani?" akauliza. Nikamwambia liko juu ya jiko lake. Akatikisa kichwa, akashuka, na baada ya muda nikasikia friji ikikokotwa.