Si kila kuhara damu ni amiba

Ukiwa Ukunda, Diani au Msambweni nawe uone damu chooni, wazo la kwanza huwa ni amiba. Mara nyingi ndivyo ilivyo, au ni vijidudu vingine vya kuhara damu, na dawa huleta nafuu kwa siku chache. Lakini je, umemeza dawa mara mbili, mara tatu, na damu inarudi? Basi yafaa uufahamu ugonjwa wa kolaitisi ya vidonda.

Ni ugonjwa gani?

Ni uvimbe na vidonda katika ukuta wa ndani wa utumbo mpana. Huanzia karibu na njia ya haja kubwa, kisha huweza kupanda juu. Kinga ya mwili hushambulia utumbo wenyewe. Ugonjwa huu hauambukizi, wala si wa kurogwa.

Umeenea kiasi gani?

Nchini Norway wamepatikana wagonjwa 505 katika kila watu 100,000. Afrika walioripotiwa ni wachache. Hata hivyo, hautambuliki bila kuchungulia utumbo kwa kamera, na vifaa hivyo ni haba nje ya miji mikubwa. Huanza zaidi kati ya umri wa miaka 15 na 30.

Dalili zake

Mgonjwa huhara damu na kamasi kwa wiki kadhaa. Haja humbana ghafla, hata usiku, na akitoka chooni huhisi hajamaliza. Tumbo humsokota, hukonda na kuishiwa damu. Wengine huumwa na viungo au macho huwa mekundu.

Usichanganye na kichocho, ambacho kinajulikana sana Kwale: hicho hutoa damu hasa kwenye mkojo.

Ufanye nini?

Ukihara damu, nenda hospitali upimwe choo. Usijinunulie dawa dukani. Dawa za steroidi, ambazo hutuliza kolaitisi, zaweza kumdhuru vibaya mwenye amiba. Ndiyo sababu vipimo hutangulia. Isipopona, omba upelekwe kwa mtaalamu wa njia ya chakula.

Ugonjwa huu hutulizwa kwa dawa za muda mrefu, na wengine hufanyiwa upasuaji. Ukiachwa miaka mingi, huongeza hatari ya saratani ya utumbo. Homa kali, tumbo kuvimba au damu nyingi ni dharura: usingoje kesho.