Turbo ya Hiace: tuanze na kabomba ka mafuta

Wanamemba wa koperative moja ya nyanya karibu na Luvungi walituita, na safari hii haikuwa kwa sababu ya ugonjwa wa majani. Hiace yao ya zamani, moteri ya mazutu lita 2.5, ilikuwa inatoa moshi wa bluu na imekataa kupanda Ngomo. Nyanya zinaoza depo. Kilichowauma zaidi: turbo ilikuwa mpya, imefungwa wiki tatu tu kabla, kwa pesa iliyotoka katika kisanduku cha mbegu. Komite ilikuwa tayari kumfukuza dereva.

Sisi ni watu wa agronomi, moteri si kazi yetu. Lakini mkulima akirudisha miche mipya mahali palepale mnyauko ulipoua ya kwanza, tunamuuliza: udongo uliuangalia? Swali hilohilo tulimuuliza fundi wa kijiji, tukakaa naye siku mbili chini ya mwembe.

Turbo inazungushwa na moshi unaotoka katika moteri. Gurudumu la upande mmoja linapigwa na moshi, la upande wa pili linasukuma hewa ndani, na mhimili ni mmoja. Unaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na unaelea juu ya mafuta ya moteri. Mafuta yakikosekana hata kidogo tu, umekwisha.

Tulipoifungua, tulishika ncha ya mhimili. Kucheza kidogo kando ni kawaida. Huu ulikuwa unaingia na kutoka, na mapanga yamekwaruza nyumba yake. Fundi akachukua kabomba kale kanakopeleka mafuta kwenye turbo, akapuliza kwa mdomo. Hewa haikupita. Ndani kulikuwa makaa meusi, kama chungu cha maharagwe kilichoungua. Waliofunga turbo ya kwanza walirudisha kabomba kalekale! Bei yake ni ndogo sana mbele ya bei ya turbo.

Makaa yalitoka wapi? Dereva anapanda na mzigo, anafika Nyangezi turbo ikiwa ya moto sana, anazima moteri papo hapo aende kunywa chai. Mafuta yanasimama ndani ya joto, yanaungua. Tena vidanje ilikuwa imechelewa. Tuliambia komite wazi: huyu dereva hakuna aliyemfundisha, na kalenda ya vidanje iko mikononi mwenu.

Kazi yenyewe ilianza moteri ikiwa baridi na batri imetolewa waya. Kabomba kapya, jointi mpya, silikoni hapana, maana vipande vyake vinaweza kuziba njia ya mafuta. Bomba kubwa la chini, linalorudisha mafuta, tulihakikisha liko wazi. Likiziba, turbo nzima itamwaga mafuta. Radiateri ya hewa tuliishusha na kuimwaga. Msiruke hapo: moteri ya mazutu inaweza kuwaka kwa mafuta hayo yaliyolala ndani, ikakimbia yenyewe hata ukizima kontakti. Mafuta ya moteri mapya na filitri yake, filitri ya hewa pia, kwa sababu vumbi la Kamanyola halihurumii mapanga.

Kabla ya kufunga kabomba, fundi alimimina mafuta safi ndani ya turbo na kuzungusha mhimili kwa kidole. Tukarudisha batri, tukachomoa plagi za injekta ili moteri isiwake, tukapiga demare mara fupi fupi mpaka taa ya mafuta ikazimika. Ndipo tukarudisha plagi, tukaiwasha na kuiacha polepole dakika tano bila kukanyaga, huku tukichungulia kila jointi.

Imepanda Ngomo na mzigo. Sasa dereva akifika juu anaacha moteri izunguke polepole dakika tatu ndipo azime. Turbo iliyokufa pamoja na kabomba kake viko juu ya meza ya depo, karibu na mizani. Wanamemba wa koperative jirani wenye gari wapite wavishike siku ya soko.