Vigango vya Pwani: Ni nani mwenye mali iliyoibwa?

Mwaka 1985, mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja wa Kimijikenda huko Kilifi, kando ya vigango viwili alivyowasimikia ndugu zake waliofariki. Muda mfupi baadaye vigango hivyo vikaibwa. Haikufahamika viliko hadi mwaka 1999, kimoja kilipoonekana kwenye mkutano wa wataalamu wa masuala ya Afrika nchini Marekani, katika picha za vitu vya jumba moja la makumbusho la jimbo la Illinois. Cha pili kilikuwa Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia.

Kigango ni nguzo ya mbao iliyochongwa, na husimikwa kwa ajili ya mwanachama wa Gohu aliyefariki. Gohu ni chama cha wazee wenye mali na heshima. Maiti wa kawaida hutosheka na koma, kijiti kifupi kisicho na nakshi nyingi. Kikishasimikwa, kigango hakiondolewi, hata mji ukihama. Hapo ndipo penye mzozo. Wafanyabiashara walidai kwamba vigango vilivyobaki kwenye mahame vilikuwa vimetupwa na wenyewe. Kwa Mmijikenda hiyo ni sawa na kusema kaburi limetupwa kwa kuwa watoto wa marehemu wamehamia Mombasa.

Aghalabu wezi walikuwa vijana wa vijiji vile vile, wakisukumwa na ukosefu wa kazi. Waliviuza kwa bei ya chini katika maduka ya vinyago ya Mombasa, penye watalii na bandari, na kutoka huko vikavuka bahari. Wanunuzi matajiri wa Marekani wakavitoa zawadi kwa majumba ya makumbusho. Udvardy na mwenzake Linda Giles walihesabu vigango 294 katika majumba 19 ya nchi hiyo.

Kwa kawaida kila kazi ya sanaa huandikiwa historia ya umiliki: nani aliinunua, lini, na kwa nani. Mchoro wa msitu wa Mfaransa Gustave Courbet, uliochorwa yapata mwaka 1862, ulitolewa kwa Jumba la Fitzwilliam, Cambridge, mwaka 1951 na kasisi mmoja. Uchunguzi ulipofuata nyayo zake ulionyesha kwamba Wanazi waliunyang'anya kutoka kwa familia ya Kiyahudi mjini Paris mwaka 1941. Mwaka 2023 jopo la Uingereza lilipendekeza warithi warudishiwe.

Familia ya Paris ilikuwa na kumbukumbu zilizoandikwa. Familia ya Kilifi haikuwa na stakabadhi yoyote, kwani nani humwandikia marehemu risiti? Ushahidi wake ulikuwa ile picha ya mwaka 1985.

Kanuni ya sheria ya Kiingereza, ambayo Kenya iliirithi, ni kwamba mwizi hawezi kumpa mwingine haki asiyokuwa nayo, hata mnunuzi akiwa hana hatia. Hata hivyo kesi ya namna hiyo katika nchi ya kigeni ni ghali, na sheria ya Marekani inayorudisha mabaki ya kale huwahusu wenyeji asilia wa nchi hiyo pekee. Vigango vya Kilifi vilirudi kwa hiari ya waliovishika. Cha kwanza kilikabidhiwa familia mwaka 2007.

Nia njema nayo haitoshi. Jumba la Sayansi la Denver, lililopewa vigango 30 mwaka 1990, liliamua kuvirudisha vyote, lakini havikufika Kenya hadi mwaka 2019. Vingine tisa, kutoka chuo kimoja cha California, vilikwama katika uwanja wa ndege wa Nairobi baada ya kutakiwa ushuru wa maelfu ya dola, kana kwamba ni bidhaa za kuuzwa.

Hata vikitua salama, swali jingine husalia. Vingi havina picha, na haijulikani vilichimbuliwa mji gani. Serikali huweza kuvihifadhi, lakini mwenye kigango ni ukoo, na ukoo wenyewe haujapatikana.